Kamera shuleni: Jicho la langoni halioni ya bwenini

SAA nne za usiku, ukungu ukiwa umetanda juu ya mashamba ya majanichai, kengele ya mwisho hulia katika shule za mabweni za Kericho na Bomet. Taa huzimwa. Mwalimu wa zamu hufunga daftari lake na kushika njia ya kwake. Kwa wengi huo ni wakati wa kulala. Kwa mwanafunzi mgeni, aliyewasili juzi na sanduku la bati, godoro jipya na blanketi ambalo mamaye alilinunua kwa pesa za kuchuma majani, hizo ndizo saa ndefu zaidi za siku.

Ndipo huamshwa amfulie mkubwa wake soksi. Ndipo kufuli ya sanduku huvunjwa, mkate na sukari vikagawanywa akitazama. Ndipo huamriwa ashike kiatu sikioni kana kwamba ni simu, amsalimu mpenzi asiyekuwepo, huku bweni zima likiangua kicheko. Wanafunzi wenyewe wana jina la mgeni huyo, mono, na mateso yake wameyaita kumonoliza. Kidato cha kwanza kimetoweka pamoja na mfumo wa 8-4-4, na Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia katika shule za sekondari ya juu, ambako waliwakuta ndugu zao wa kidato cha tatu na cha nne. Mgeni amebadilishiwa jina la darasa tu.

Wazazi wengi, wakisikia habari hizi, huuliza swali moja: mbona shule isiweke kamera? Benki zina kamera, maduka makubwa yana kamera, hata vituo vya mafuta njiani kuelekea Litein vina kamera. Iweje mahali panapolala watoto mia kadhaa pasiwe na jicho?

Swali hilo ni la haki na halistahili kupuuzwa. Lakini kabla ya mzazi anayesubiri bonasi ya majanichai kuombwa achangie mitambo hiyo, inafaa aelezwe kamera hufanya nini na haifanyi nini. Kwa ufupi, kamera ni shahidi. Si mlinzi, na wala si mzazi.

Uonevu shuleni ni jambo kongwe nchini, na mara nyingine limezaa maafa. Mei 1999, katika Shule ya Upili ya Nyeri, viranja wanne walifariki baada ya wanafunzi wenzao kuwamwagia petroli na kuwawasha moto usiku wakiwa katika chumba chao. Mwaka wa 2017 ilikuwa zamu ya Alliance, shule yenye sifa kuliko nyingi, kuchunguzwa na Wizara ya Elimu kufuatia malalamishi kwamba viranja walikuwa wakiwadhulumu wanafunzi wadogo. Visa hivyo viwili vitazamwe pamoja. Katika kimoja kiranja ndiye mhasiriwa, katika kingine ndiye mshtakiwa. Vyote vinaonyesha kwamba shule nyingi za mabweni, jua likishatua, huwaachia vijana wa miaka 17 mamlaka juu ya vijana wa miaka 14.

Profesa David Ndetei na wenzake, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka wa 2007 kuhusu shule za upili za umma za Nairobi, walipata kwamba kati ya asilimia 63.2 na 81.8 ya wanafunzi walikuwa wameonewa kwa njia moja au nyingine. Ulimwenguni, shirika la UNESCO lilitangaza mwaka wa 2019 kwamba karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alikuwa ameonewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi uliotangulia. Takwimu za Nairobi haziwezi kuhamishiwa Kericho kama zilivyo, ila hakuna sababu ya kudhani kwamba watoto wa huku juu wameumbwa kwa udongo tofauti.

Uonevu wa eneo la majanichai una sura zake pia. Miongoni mwa Wakipsigis, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka ndiyo msimu wa jando. Mvulana anayerudi shuleni Januari bila kupitia hatua hiyo huweza kujipata akitengwa mezani, kitandani na hata uwanjani, kwa maneno ambayo gazeti haliwezi kuyachapa. Halafu kuna watoto wa vibarua. Mashamba makubwa ya majani yaliwavuta wafanyakazi kutoka Kisii, Nyanza na Magharibi tangu enzi za mkoloni, na wana wao husoma pamoja na wana wa wenye ardhi. Lafudhi, jina la ukoo, nyumba ya kampuni ambayo baba hupoteza siku anapopoteza kazi: yote hayo hugeuzwa kuwa silaha mikononi mwa mtoto mwenye nia mbaya.

Ni kamera gani inayonasa dhihaka kuhusu lafudhi?

Mtambo hufanyaje kazi

Tuanze na mtambo wenyewe, kwa maana wauzaji husifu macho yake na kusahau tumbo lake. Kamera za kawaida za shule huunganishwa na kinasa kilichofungiwa afisini, ambacho huhifadhi picha kwenye diski. Diski ikijaa, mtambo hufuta picha za zamani na kuandika mpya juu yake.

Fanya hesabu. Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hutumia gigabaiti 21 hivi kwa siku. Kamera nane zitatumia zaidi ya gigabaiti 170. Diski ya terabaiti 2 basi itajaa baada ya siku 11 au 12, na siku inayofuata ile ya kwanza huanza kufutika. Kuna mbinu za kurefusha muda huo, kama vile kurekodi pale tu kitu kinapotikisika, lakini katika shule yenye wanafunzi wengi daima kuna kitu kinachotikisika.

Sasa linganisha siku hizo 12 na tabia ya mtoto aliyeonewa. Muhula wa kwanza huwa na wiki 13 hivi. Mtoto aliyepigwa wiki ya pili hunyamaza, kwa kuwa ameonywa. Huanza kuuguaugua tumbo. Alama zake hushuka. Likizo fupi ya katikati ya muhula inapofika, mamaye huona alama mgongoni akioga, ndipo maneno hutoka. Mzazi akipanda matatu hadi shuleni kudai picha, zimefutwa kitambo. Hakuna aliyezificha, mtambo ulifanya ulivyoagizwa. Ndiyo sababu swali la kwanza la kumuuliza mwalimu mkuu si idadi ya kamera alizo nazo, bali picha hukaa siku ngapi, na ni nani huagiza zihifadhiwe mara tu malalamishi yanapoingia.

Usiku una matatizo yake. Kamera nyingi huona gizani kwa taa za miali isiyoonekana kwa macho, lakini picha huwa nyeusi na nyeupe, na uso wa mtu aliyejifunika blanketi kichwani haujulikani. Ukungu wa Kericho huirudisha miali hiyo kwenye lenzi, picha ikawa kama pazia jeupe. Eneo hili linajulikana duniani kwa wingi wa mvua ya mawe, na radi zake si haba. Stima ikikatika na hakuna betri ya akiba, jicho hufumba. Isitoshe, kamera nyingi za aina hii hazirekodi sauti.

Pasipoingilika

Hata mtambo ungekuwa bora kuliko yote, ungebaki na mpaka usioweza kuvukwa. Uonevu mwingi hufanyika bwenini, bafuni, chooni na nyuma ya majengo. Sehemu hizo tatu za kwanza ndizo hasa ambako kamera haifai kuwekwa, kwa kuwa ndiko watoto wanakovua nguo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 humpa kila mtu haki ya faragha, na kifungu cha 53 husema kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko yote katika jambo lolote linalomhusu. Bodi itakayofunga kamera juu ya vitanda vya wasichana wa miaka 15 kwa kisingizio cha kuwalinda itakuwa imeanzisha dhuluma nyingine ili kuzuia ya kwanza.

Wanafunzi nao si wajinga. Siku mbili baada ya fundi kuondoka, kila mmoja anajua kamera inaishia wapi. Ugomvi uliokuwa ukifanyika kwenye ukumbi wa maakuli huhamia penye miti, nyuma ya jiko.

Utafiti unathibitisha hali hiyo kwa kiasi fulani. Mwaka wa 2019 wataalamu wa masuala ya uhalifu walichapisha uchambuzi wa tafiti za miaka 40 kuhusu kamera za usalama katika nchi mbalimbali. Walipata kwamba kamera zilipunguza uhalifu kwa takriban asilimia 13, na kwamba mafanikio makubwa yalikuwa katika maegesho ya magari. Kuhusu ghasia dhidi ya watu, hawakupata upungufu wa maana. Jambo jingine walilobaini ni kwamba kamera zenye mtu anayezitazama wakati ule ule hufaulu kuliko zile zinazorekodi tu. Tafiti hizo zilihusu hasa miji na si mabweni, lakini anayetaka kuzilipia kamera kwa matumaini ya kukomesha makofi na mateke afaa kuzifahamu.

Uchambuzi mwingine, wa mwaka wa 2011, uliangalia mipango ya shule ya kupambana na uonevu. Ile iliyofaulu ilipunguza uonevu kwa asilimia 20 hadi 23. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na ufanisi huo ni mikutano na wazazi, na usimamizi thabiti wa watu wazima katika viwanja vya michezo. Yaani mwalimu anayetembea.

Kuna kisa cha Bomet ambacho wakazi hawajakisahau. Septemba 2019, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai baada ya, kwa mujibu wa mamaye, kuitwa mchafu na mwalimu na kutolewa darasani alipoingia katika hedhi bila sodo. Wazazi waliandamana na polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi. Wabunge wanawake walilipeleka suala hilo kwa Wizara, wakitaka kujua utekelezaji wa sheria ya 2017 inayoagiza wanafunzi wa kike wapewe sodo bila malipo. Mtu mzima anaposhutumiwa kwa neno alilolitamka mchana, mbele ya darasa zima, kamera hata ikiwepo ingeonyesha tu mtoto akisimama na kutoka. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 hukataza kumtesa au kumdhalilisha mwanafunzi kimwili na kiakili pia, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Sheria hiyo haikuhitaji umeme.

Kamera ilipofaa

Haitakuwa haki kuihukumu kamera upande mmoja. Eneo hili hili la majanichai limewahi kuona nguvu yake. Februari 2023 shirika la BBC lilitangaza uchunguzi kuhusu unyanyasaji wa kingono katika mashamba ya Kericho yaliyomilikiwa kwa miaka mingi na kampuni za Unilever na James Finlay. Zaidi ya wanawake 70 walisema walikuwa wamenyanyaswa na wasimamizi wao. Mambo hayo yalikuwa yakinong'onwa tangu zamani, lakini mwanahabari aliyejifanya mtafuta kazi, akiwa na kamera iliyofichwa, ndiye aliyeyafanya yasikanushike, na wasimamizi kadhaa wakasimamishwa kazi.

Mbona kamera hiyo ilifaulu? Haikufungwa na msimamizi ukutani kwa idhini yake mwenyewe. Ilibebwa na mtu aliyetaka kujua, na picha zake zikaangaliwa na watu wasiokuwa chini ya yule aliyelaumiwa. Kamera ya shule, kinyume chake, ufunguo wa kinasa chake umo mfukoni mwa shule. Ikiwa mtuhumiwa ni kiranja kipenzi cha walimu au ni mwalimu mwenyewe, nani ataifungua?

Pili, kamera humwokoa asiye na hatia, na hapa ndipo mwandishi huyu anapoiunga mkono kwa dhati. Usiku wa Septemba 21, 2025, ghasia zilizuka katika Shule ya Upili ya Wavulana ya Litein, kaunti ya Kericho, na mali nyingi ikaharibiwa. Wazazi wakatakiwa kulipa karibu shilingi 50,000 kwa kila mwanafunzi, na mzozo huo ukafika katika Mahakama Kuu ya Kericho. Pasipo ushahidi wa nani alivunja dirisha lipi, bili hugawanywa sawa kati ya aliyerusha jiwe na aliyejificha chini ya kitanda. Ndivyo ilivyo pia katika uonevu: shule isiyojua mkosaji huadhibu bweni zima, na bweni zima humgeukia mtoto aliyesema. Kamera ya ushorobani, inayoonyesha nani aliingia bweni lisilo lake saa sita usiku, ingewapunguzia wengi machungu. Haihitaji kuona kitandani. Yatosha ione mlango.

Basi mahali pake ni langoni, ushorobani, kwenye ukumbi wa maakuli, ghalani, karibu na maabara, na nje ya milango ya mabweni.

Ufunguo ni wa nani?

Shule inayoweka kamera inakuwa na wajibu mbele ya sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ilianza kutumika Novemba 2019, na kanuni za 2021 huzitaka taasisi za elimu, na wenye kuendesha kamera za usalama, wajisajili na Afisi ya Kamishna wa Data. Kifungu cha 33 hutaka data ya mtoto ishughulikiwe kwa idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Si sheria ya mapambo. Septemba 2023 afisi hiyo ilitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za kawaida tu. Mtu na afikirie itakavyokuwa video ya mtoto akipigwa ikitoka afisini ikaenea katika simu za kijiji kizima. Mtoto huyo atakuwa ameonewa mara elfu.

Ugenini wameshajifunza kwa gharama. Nchini Uswidi, mwaka wa 2019, manispaa ya Skellefteå ilitozwa krona 200,000 baada ya shule yake kutumia kamera za kutambua nyuso za wanafunzi 22 ili kuchukua mahudhurio. Idhini ya wazazi ilikuwepo, lakini mamlaka ikasema idhini hiyo haikuwa huru kwa sababu mwanafunzi yuko chini ya mkono wa shule. Hoja hiyo ina uzito kwetu pia: mzazi anayetia sahihi fomu siku ya kumsajili mwana, karo ikiwa nusu, ana uhuru gani wa kukataa?

Kuhusu gharama, shule ya umma haiwezi kuwatoza wazazi ada mpya kiholela. Sheria ya Elimu ya Msingi hutaka idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Anayeletewa bili ya "usalama" ana haki ya kuomba kuiona idhini hiyo.

Pesa hizo zikipatikana, kuna matumizi yanayoshindana na kamera. La kwanza ni mtu mzima anayelala karibu na bweni na anayelipwa kwa kazi hiyo, si mwalimu wa zamu aliyefundisha tangu alfajiri. La pili ni nafasi. Mwongozo wa usalama shuleni wa mwaka wa 2008 unataka vitanda vitenganishwe kwa mita 1.2 na njia ya katikati iwe na upana wa mita 2. Tangu serikali ianze sera ya kila mtoto kujiunga na shule ya upili mwaka wa 2018, mabweni mengi yamefurika, na palipo na vitanda vilivyobanana msimamizi hawezi hata kupita na tochi. La tatu ni kuwatenga wageni walale bweni lao katika muhula wa kwanza, jambo lisilogharimu zaidi ya kupanga upya orodha.

La nne ndilo gumu: njia ya mtoto kusema bila kujulikana. Sanduku la maoni lililotundikwa nje ya afisi ya naibu wa mwalimu mkuu, mahali ambapo kila apitaye huonekana, ni pambo. Serikali hudhamini nambari 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto, inayopokelewa mchana na usiku. Nambari hiyo huandikwa kwenye kuta za shule nyingi. Lakini wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hivyo mtoto anayetaka kuipiga kutoka bweni la Kericho au Bomet hana budi kwanza kwenda afisini, aombe simu ya mwalimu, na aeleze mbele ya watu ni kwa nini anaihitaji.